Fomu ya Kinga

Fomu zilitoka mkoani mwezi wa Novemba,
karatasi mbili, visanduku kumi na saba.
Je, mwanafunzi huvaa nguo nyeusi tupu?
Je, nywele humfunika jicho?
Je, husikiliza muziki wa makelele, wa makaburi, wa vilio?
Tia alama.
Mimi ni muuguzi wa shule hapa Zabrze, mwaka wa ishirini na mbili.
Nimesaka chawa vichwani, nimefunga vifundo vilivyoteguka,
sikuwahi kuambiwa nipime muziki.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba.
Sisi tulimshika Kinga tukampeleka tiba.

Kinga Pietrek, darasa la pili B,
buti za kamba hadi gotini, pini sita kwenye sikio moja,
wanja mzito, umechuruzika upande wa kushoto
kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha.
Niliandika: analia.
Kwa kalamu yangu mwenyewe niliandika: analia.

Akanitazama.
"Bibi Halina, babu yangu Alojzy
alishuka shimoni miaka thelathini na mmoja.
Alirudi mweusi kila siku ya Mungu,
akajisugua kwa sabuni ya mchanga, na bado
makaa yakabaki kwenye kope, wanja kama huu huu.
Yeye nani alimjazia fomu?"

Sikuona kisanduku cha kuandika hilo.

Mkuu wa shule alisema dalili zote zipo.
Padri alisema shetani hupitia sikioni.
Bi Gizela wa kamati ya wazazi alileta kasha la diski
lenye fuvu, amelishika kwa ncha za vidole
kama mtu aliyeokota panya.
Mtaalamu akaja kutoka Katowice, dakika ishirini,
akamuuliza muziki unamwambia nini.
Hakumuuliza mama yake yuko wapi.

Mama yake yuko Dortmund, anaogesha wazee wa watu,
huja Krismasi na Pasaka, na chokoleti.
Ndiyo, huzuni ilikuwepo. Sitamfanya mtoto wa furaha
ili kisa changu kinyooke.
Lakini huzuni ililetwa na basi
la saa kumi na moja alfajiri liendalo Ujerumani,
haikuletwa na gitaa.
Gitaa lilimkuta yu macho tayari,
likakesha naye.

Na fomu zile, nani alikuwa akizibeba hadi mezani kwangu?
Remigiusz. Shati jeupe, pasi imekaza hata mikono inasimama,
mtumishi wa altare, hesabu haikosi.
Hakuna kisanduku cha nyeupe.
Vidole vilimtetemeka, nikadhani ni baridi.
Alikonda, nikadhani anarefuka.

Aliyemwona ni Kinga.
Juu ya kilima cha mabaki ya mgodi, nyuma ya gereji,
alimpa kisikizi kimoja, kingine akabaki nacho,
akamuuliza neno moja ambalo fomu haina:
"Unalala?"
Asubuhi akamleta kwangu, amemkamata mkono wa shati,
pasi yote imekunjamana.
"Huyu," akasema. "Mpe huyu kiti."

Nilimpa kiti. Nilichemsha chai. Saa mbili zilipita
kabla hajasema kitu.

Siku nyingine nilimwomba Kinga nami nisikilize.
Sikuambulia neno. Mtu anabweka, na chini yake ngoma,
ko, ko, ko, haichoki.
Nikamkumbuka baba yangu, naye mtu wa makaa.
Njia ya chini ikiporomoka, alisema,
waliofukiwa hugonga bomba kwa nyundo, kwa jiwe, kwa chochote,
na sisi wa juu tunalaza sikio.
Wanaogonga hawakututia hofu.

Februari mkoa umeleta fomu mpya.
Visanduku kumi na tisa.
Nimeziweka chini ya chungu cha maua kinachovuja.